Muhula Mmoja Bologna: Mwongozo Kamili wa Mwanafunzi wa Kubadilishana

Tangu nirudi kutoka Bologna, Italia, kila ikifika mwezi wa nane simu za wadogo zangu wa chuo huanza kuingia. Mmoja kanyimwa viza wakati barua ya kukubaliwa anayo mkononi. Mwingine kafika, chumba kapata, ila bumu, yaani pesa ya ufadhili, halijaingia mwezi wa pili huu. Wa tatu kamaliza muhula salama, karudi nyumbani, na idara yake imekataa kumtambulia masomo manne kati ya matano.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu. Walifanya yote yanayotakiwa, ila waliyapanga vibaya. Italia kila karatasi ina mama yake. Bumu linazaliwa na akaunti, akaunti inazaliwa na namba ya mlipakodi, kibali cha ukaazi kinazaliwa na viza, bima na anwani, na vyote hivyo vinarudi kwa bibi mmoja: mkataba wa masomo, karatasi inayoorodhesha masomo utakayosoma huko. Ukimfuata mjukuu kabla ya bibi utazungushwa mpaka uchoke. Kwa hiyo fuata hatua hizi kama zilivyopangwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya viza kuisha.
- Barua ya kukubaliwa yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza.
- Mkataba wa masomo wenye saini tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea.
- Barua ya ufadhili inayotaja kiasi kwa mwezi. Wanaokwenda kwa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kutoka nchi zetu hupata kati ya euro 800 na 900, kutegemea nchi wanayokwenda.
- Bima ya afya inayofunika kila siku ya kukaa kwako, siyo siku 30 za mtalii.
- Picha za pasipoti nane. Nne zitaliwa na polisi, zilizobaki utazikumbuka.
- Nakala seti mbili za kila kitu, na nyingine kwenye barua pepe.
- Euro 1,500 unazoweza kuzigusa.

Hiyo ya mwisho ndiyo watu hubishana nami. Piga hesabu: kodi ya mwezi wa kwanza 500, dhamana ya mwenye nyumba 500 nyingine, kibali cha ukaazi euro 116 na senti zake, halafu nauli, laini ya simu na chakula mpaka bumu lifike. Bumu haliji kukupokea uwanja wa ndege.

## Hatua ya 1: Chagua masomo kwanza, mji baadaye

Fungua orodha ya masomo ya chuo na kwa kila somo unalolitaka angalia mambo manne: linafundishwa kampasi gani, muhula upi, kwa lugha gani, na mtihani wake ni wa kuandika au wa mdomo.

Kampasi ndiyo mtego mkubwa. Chuo Kikuu cha Bologna kina kampasi pia Cesena, Forlì, Ravenna na Rimini. Somo linaweza kuwa na jina tamu na mwalimu mzuri, kumbe liko Rimini, zaidi ya kilomita 100 kutoka chumba ulichopanga. Kuna mwenzangu aliligundua hili akiwa ameshalipa dhamana Bologna. Muhula mzima aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi treni.

Mzigo wa kawaida ni krediti 30 kwa muhula, zenyewe wanaziita CFU. Somo moja huwa na 6, 9 au 12. Andika masomo mawili ya akiba, kwa sababu ratiba zitagongana tu.

Kisha nenda kwa mkuu wa idara yako nyumbani, akuandikie kwa saini na muhuri kwamba somo hili la huko litahesabiwa badala ya somo hili la hapa. Asikwambie "usijali, ukirudi tutaongea". Ukirudi atakuwa likizo, au cheo kimehamia kwa mwingine.

Hatua hii imekamilika ukiwa na mkataba wenye saini tatu na barua ya idara iliyogongwa muhuri. Bila hivyo viwili usiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Viza, majina na tarehe

Muhula unazidi siku 90, kwa hiyo unaomba viza ya kitaifa ya masomo, aina D. Ada yake ni euro 50, inalipwa kwa sarafu ya nchi unayoombea. Ubalozi wa Italia upo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Omba miadi siku ileile barua ya kukubaliwa inapofika.

Kabla ya kupeleka chochote, linganisha majina yako kwenye karatasi zote. Sisi tuna majina matatu na kila ofisi huyapanga inavyopenda. Cheti kinasema Juma Hamisi Mwinyi, pasipoti inaanza na Mwinyi, barua ya ufadhili imeandika Juma Mwinyi basi. Kwako wewe huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa Kiitaliano hao ni watu watatu. Pasipoti ndiyo iwe kipimo, na kila barua isiyolingana nayo irudishwe ikarekebishwe.

Sasa tarehe. Muhula wa kwanza vipindi huanza katikati ya Septemba na kuisha Desemba, lakini mitihani iko Januari na Februari. Muhula wa pili vipindi ni Februari hadi Mei, mitihani Juni na Julai. Wanaokata tiketi ya kurudi Desemba 20 wale Krismasi nyumbani wanarudi na vyeti vya kuhudhuria, hawarudi na alama. Hakikisha barua ya kukubaliwa, bima na ombi la viza vyote vinafunika hadi mwisho wa Februari, au mwisho wa Julai.

Viza ikitoka, isome ukiwa bado dirishani: jina, herufi D, tarehe mbili. Kosa la ubalozini linarekebishwa ubalozini. Ukishapanda ndege ni lako.

## Hatua ya 3: Nyumba

Hapa ndipo watu wanalia. Wanafunzi wa chuo hiki, kwa kampasi zote, wanapita 80,000, na wengi wao wanagombania vyumba vya mji huohuo mmoja. Chumba cha peke yako huenda kwenye euro 500 na kuzidi. Kitanda ndani ya chumba cha watu wawili, wanaita *posto letto*, kina nafuu, na kwa muhula mmoja mimi ningekichukua bila kuona haya.

Anza kutafuta miezi mitatu kabla. Usitafute Agosti. Kuanzia wiki ya Ferragosto, sikukuu ya tarehe 15, Italia imefunga duka na iko baharini, hakuna atakayekujibu.

Matapeli nao wana mtindo wao, na haujabadilika: picha nzuri mno, bei ya chini mno, na mwenye nyumba "yuko London kikazi", funguo atakutumia kwa posta ukishatuma dhamana. Usitume hata senti kabla hujakiona chumba wewe, au mtu unayemwamini, au walau kwa simu ya video ambayo mwenye nyumba anatembea nayo kutoka mlango wa mtaani mpaka chumbani. Tapeli hawezi kutembea ndani ya nyumba isiyo yake.

Ukipata chumba, dai mambo haya:

Kwanza, mkataba uliosajiliwa. Kwa miezi mitano au sita wanatumia *contratto transitorio*, ambao sheria inauruhusu kuanzia mwezi 1 hadi 18. Wapo watakaokwambia mmalizane bila mkataba kwa bei nafuu. Nafuu hiyo utailipa posta na polisi, maana hutakuwa na anwani ya kuonyesha.

Pili, dhamana isizidi kodi ya miezi mitatu, ndiyo kikomo cha sheria. Ilipwe benki, siyo mkononi.

Tatu, tamko la mwenye nyumba kwa polisi. Anayempa makazi mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 48. Mwombe nakala. Wangu alinijibu kwamba wapangaji wote waliopita hawakuisumbua akili yake hivyo. Nikamwambia mimi nimekuja kuisumbua. Alicheka, akaleta karatasi kesho yake.

Usiku unapofika kwa mara ya kwanza, piga picha kila ukuta, kila doa, kila kitasa kilicholegea. Utazihitaji hatua ya mwisho.

## Hatua ya 4: Siku nane za kwanza

Kutoka siku uliyoingia una siku nane za kazi kuomba kibali cha ukaazi, *permesso di soggiorno*. Jumapili hazihesabiwi, wala tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya San Petronio, ambayo mji mzima hufunga ofisi. Nenda kwa mpangilio huu.

Namba ya mlipakodi. Inaitwa *codice fiscale*, ina herufi na tarakimu 16, na hutolewa bure na mamlaka ya mapato, Agenzia delle Entrate. Utaulizwa namba hii ukinunua laini ya simu, ukifungua akaunti, ukisaini mkataba wa nyumba. Hutengenezwa kutokana na jina na tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ikague papo hapo. Wasichana, msishtuke: kwenu tarehe huongezwa 40. Aliyezaliwa tarehe 12 Machi 2003 ataona 03C52, na hilo siyo kosa. Nilimshuhudia dada mmoja kutoka Mombasa akigombana na karani nusu saa nzima kwamba mwezi hauna siku 52.

Stempu. Nunua *marca da bollo* ya euro 16 kwenye duka la *tabacchi*, lenye kibao cha herufi T nyeupe. Ina ukubwa wa stempu ya barua, na inaweza kupotelea mfukoni kama risiti ya daladala. Ibandike mapema.

Bahasha. Nenda posta yenye kaunta ya Sportello Amico, uombe bahasha ya kibali. Ni bure, ina mstari wa njano. Ndani kuna fomu. Mwanafunzi anajaza Modulo 1 tu. Kalamu nyeusi, herufi kubwa. Weka nakala za kurasa za pasipoti zenye taarifa zako, viza na mihuri, pamoja na barua ya chuo na bima.

Usiifunge bahasha. Karani lazima aikague ikiwa wazi, na ukishaigundisha atakurudisha ukachukue nyingine.

Malipo. Hapohapo utalipa 70.46 za kibali na kadi yake, kisha 30 za kutuma. Ukiongeza stempu, jumla ni euro 116.46. Beba na fedha taslimu, mashine ya kadi isije ikakususia.

Utatoka na karatasi mbili: risiti, wanaiita *ricevuta*, na karatasi ya miadi ya alama za vidole polisi, Questura. Hiyo risiti ndiyo roho yako. Kadi yenyewe inaweza kutoka siku unafunga sanduku la kurudi; wengi wetu tulisoma muhula mzima kwa risiti, na ni halali. Ila angalia safari: viza yako ikishaisha na mkononi una risiti tu, usivuke kwenda Paris wala Vienna. Tembea nchi jirani viza ikiwa hai.

Siku ya alama za vidole fika mapema ukiwa na picha nne, pasipoti, risiti na kila karatasi halisi uliyotuma nakala yake. Na kitabu, kwa sababu saa iliyoandikwa kwenye miadi ni salamu tu.

## Hatua ya 5: Bima na bumu

Watakuambia ujiandikishe kwenye huduma ya afya ya taifa. Sikiliza hesabu kwanza. Tangu 2024 mwanafunzi wa kigeni hulipa euro 700, na malipo hayo ni ya mwaka wa kalenda: ukilipa Oktoba, Desemba 31 yameisha. Kwa anayekaa Septemba hadi Februari haina maana. Chukua bima binafsi inayokubalika kwa kibali, na uhakikishe inalipa kulazwa, siyo dharura peke yake.

Kuhusu bumu, ofisi ya chuo inataka uthibitisho kwamba umefika, na akaunti yenye IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa. Peleka vyote wiki ya kwanza, kwa mkono na kwa barua pepe. Wanalipa kwa makundi, na ukikosa kundi la kwanza unasubiri la pili. Salio la bumu mara nyingi hutolewa mwishoni, kwa hiyo usilihesabu kwenye kodi ya Januari.

## Hatua ya 6: Tumbo, baridi na miguu

Asiyekula nguruwe ajue kwamba Bologna ni mji wa nguruwe. Mortadella ni nguruwe, tortellini hujazwa nguruwe, na mchuzi maarufu wa *ragù* huchanganya ng'ombe na nguruwe. Hata mkate wa *piadina* unaouona mtupu huweza kuwa na mafuta yake, *strutto*. Uliza: *c'è maiale?* Bucha za halali ziko mtaa wa Bolognina, nyuma ya stesheni, pamoja na maduka yenye bamia, ndizi za kupika na maharage.

Ugali unapikika. Kosa langu lilikuwa kununua pakiti ya kwanza niliyoiona imeandikwa polenta. Ilikuwa *istantanea*, unga ulioivishwa tayari. Nikaanza kusonga kama nilivyofundishwa, ukawa gundi. Nikaongeza unga, ukawa gundi nyingi zaidi, na wapangaji wenzangu wawili wamesimama mlangoni wanatazama utamaduni wa Kiafrika. Tafuta unga wa *fioretto*, uliosagwa laini. Ni wa njano, lakini unasongeka.

Radieta za kupasha joto nyumba zinaruhusiwa kuwashwa kuanzia Oktoba 15 hadi Aprili 15. Kabla ya hapo ni blanketi na chai. Koti zito linunue Piazzola, soko la Ijumaa na Jumamosi pale Piazza VIII Agosto, lenye sehemu yake ya mitumba. Wengine huja nalo kutoka Karume au Gikomba, na hilo nalo sawa, koti limerudi kwao. Chumba kikiwa baridi, kasomee maktaba ya Salaborsa, Piazza del Nettuno: bure, joto, na chini ya sakafu ya kioo kuna magofu ya Kirumi.

Mji unatembeleka kwa miguu, na kwa sababu ya kumbi zake zenye matao, *portici*, mvua haikupati. Baiskeli ya euro 20 utakayouziwa usiku eneo la chuo imeibwa, na sheria inamshika mnunuzi pia. Mnara wa Asinelli una ngazi 498, na wanafunzi huogopa kuupanda kwa imani kwamba ukiupanda kabla ya kuhitimu, huhitimu. Ulifungwa tangu mnara jirani yake, Garisenda, uzue hofu ya kuanguka 2023, kwa hiyo jaribu hilo lilituepuka.

## Hatua ya 7: Mtihani wa mdomo

Sisi tumezoea majaribio ya katikati ya muhula, halafu mtihani wa mwisho wa kuandika. Kule somo zima linaweza kuamuliwa kwa dakika 20 za kuongea.

Jisajili kwanza. Kila kikao cha mtihani kinaitwa *appello*, na usajili hufanyika kwenye mfumo wa AlmaEsami, ambao hufungwa siku kadhaa kabla. Mimi nilifungua mfumo usiku wa kuamkia mtihani, nikakuta orodha imefungwa. Mwalimu hakuwa na la kunisaidia. Nikasubiri kikao cha Februari, na ndiyo sababu nasisitiza tarehe za tiketi.

Muulize pia mwalimu wiki ya kwanza: wanaohudhuria na wasiohudhuria wana orodha tofauti za vitabu. Ujue uko kundi lipi. Na kipindi kilichopangwa saa tatu kamili huanza saa tatu na robo. Hiyo ni desturi, mwalimu hajachelewa.

Siku yenyewe unaitwa kwa jina, unakaa mkabala na mwalimu, na wenzako wanasikiliza nyuma yako. Swali la kwanza mara nyingi ni zawadi: chagua mada unayopenda. Hapa watu wetu hujibu kwa sentensi mbili za adabu na kunyamaza, wakisubiri kuulizwa. Kunyamaza kule kunasomwa kama kutojua. Andaa mada moja unayoweza kuizungumza dakika kumi bila karatasi, yenye mfano kutoka nyumbani ambao mwalimu haujui. Fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu, hata kama mtu huyo anakoroga chai.

Alama ya kufaulu ni 18, ya juu ni 30, na aliyezidi hupewa *30 e lode*. Ukipewa 20 na unaamini unaweza zaidi, unaruhusiwa kuikataa kwa heshima na kurudia kikao kijacho. Kule siyo sapu, na hakuna atakayekucheka.

## Hatua ya 8: Kuondoka

Wiki ya mwisho chukua ofisini cheti cha kuthibitisha tarehe ulizokaa. Kikionyesha siku pungufu, utadaiwa bumu la siku hizo. Mpe mwenye nyumba notisi kwa maandishi, zungukeni chumba pamoja ukiwa na picha za usiku wa kwanza, na kubalianeni dhamana itarudi lini na akaunti ipi. Usikubali dhamana iwe ndiyo kodi ya mwisho isipokuwa yeye mwenyewe ameandika hivyo.

Matokeo rasmi hutumwa chuoni kwako ndani ya wiki tano baada ya alama kutangazwa. Kabla hujaondoka omba maelezo ya kila somo, yenye mada na saa, pamoja na ukurasa unaoeleza mfumo wa alama wa Italia. Ubane huo ukurasa na matokeo, na usiruhusu vitengane. Matokeo yangu yalifika peke yake. Afisa aliyeyapokea alitazama 27, akatazama 28, akanihurumia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitarudia masomo yote mwaka huu au nitayagawa miaka miwili. Alikuwa amezisoma kama asilimia.